Kioo Nilichokisingizia

Mwanangu, ipo siku moja ya miaka ya tisini ambayo hata leo ikinijia naona haya. Na kwa kuwa Jumatatu unaanza kusomesha, bora uisikie kutoka kwangu.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia, kijana, mjuaji kupita kiasi, katika skuli moja ya Mji Mkongwe. Mjomba aliniletea kutoka Maskati picha iliyopigwa na darubini ya angani. Alichonieleza ni kwamba ile ni nyota changa, basi. Ilikuwa imejificha ndani ya vumbi, na juu na chini yake imetoka mikondo miwili ya gesi, imenyooka kama mistari ya chaki. Nikaibandika ukutani, mabega juu.

Mwanahawa, mwanafunzi wangu wa Makunduchi aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake mtaa wa Mpendae, aliitazama mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta.

"Mwalimu, umetwambia nyota changa inavuta vumbi ipate kukua. Mbona hii inatema?"

Sikujua. Lakini nilipata kusikia redioni kwamba darubini moja ya angani ilirushwa na kioo chenye kasoro, kikarekebishwa baadaye. Nikalidaka hilo. "Hiyo si nyota, ni kioo. Dosari tu."

Akaniamini. Siku ya maonyesho ya skuli alisimama mbele ya wazazi na mchoro mkubwa wa nyota ile. Mikondo yote miwili kaiondoa, na chini kaandika kwamba amesahihisha makosa ya kioo. Mgeni wetu, mzee aliyesomea elimu ya nyota, akamwambia kwa upole kwamba alichokiondoa ndicho cha ajabu kuliko vyote: ni upepo wa kweli, unatoka kwenye nyota kwa kasi kubwa mno. Watu wakacheka.

"Nani kakwambia ni kioo?" mgeni akauliza.

Mwanahawa alinitupia jicho. Kisha akasema, "Nlidhani mwenyewe."

Nami nikamwacha abebe kosa langu, mwanangu. Niliangalia viatu vyangu.

Bi Rukia, mwalimu mkuu wetu, aliujua ukweli kwa kunitazama tu. Aliniita ofisini na hakuniambia nikae.

"Yule mtoto kanambia hataki tena fizikia. Anasema kichwa chake hakiwezi. Jee, kisichoweza ni kichwa chake?"

"Hapana, Bi."

"Basi kamwambie. Na umwambie mbele ya wenzake."

Asubuhi yake nilisimama mbele ya darasa. Nikasema kosa lile ni langu, nilisema nisichokijua, na mpaka sasa sikijui. Nikamwomba radhi Mwanahawa kwa jina lake. Machozi yalimlengalenga, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa Mwalimu, upepo huo unatokaje?" Raha niliyoipata siwezi kuieleza.

Tukatafuta sote, kwa vitabu vya kuazima na barua kwa yule mgeni. Tukajifunza kwamba gesi na vumbi huizunguka nyota changa kwa kasi, na sehemu yake hurushwa nje, juu na chini, ndipo iliyobaki ipate kuingia na nyota ikue. Hasa nini kinairusha? Wataalamu wenyewe walikuwa bado wakibishana, na Mwanahawa alifurahi mno kusikia hivyo.

Basi nasaha yangu ni hii: mwanafunzi akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, umwambie papo hapo, kisha mtafute pamoja. Usisingizie chombo wala kitabu. Jibu la uongo hubaki kwa yule aliyekuamini, naye ndiye anayechekwa kwa ajili yako.

Mungu akujaalie wanafunzi wasiochoka kuuliza, na akupe moyo wa kuwaambia kweli. Amin.