Mifuko ya Ovaroli

Kwa miaka kumi na tisa, kila jioni, fundi cherehani aliipokea ovaroli ya mumewe, akafunga mlango wa chumba na kuikung'uta. Hakuwa na shida na vumbi. Alitafuta sigara. Siku ya posa mume aliapa mbele ya wazazi kwamba ameziacha, lakini mke alijua kuapa si kuacha. Akapekua mifuko, akanusa kola kama paka aliyesikia harufu ya samaki. Hakupata kitu ila vumbi la kijivu lililomwasha koo.

Gereji walimwita mume Tarumbeta, maana alipofungua breki za malori alivimbisha mashavu na kupuliza vumbi kwa mdomo. Upepo wa mashine, alisema, ni wa mafundi wavivu.

Kisha akakohoa, akakonda, akatema damu. Mke akasema moyoni: lisemwalo lipo. Hospitali wakampima kipande cha pafu. Neno saratani lilishatamkwa wiki iliyopita. Leo mke alitaka kujua kama alidanganywa.

"Daktari, usinifiche. Ni sigara?"

"Mama Pacha, hata leo?" mume akauliza.

"Hata leo, Baba Pacha. Njia ya mwongo ni fupi."

Daktari, mwanamke asiye na haraka, akaeleza kwamba saratani ya mapafu si moja. Ipo ya seli ndogondogo, iendayo mbio kama moto nyikani, na karibu kila mara nyuma yake kuna moshi. Hii siyo hiyo. Hii ilianzia kwenye seli zinazotengeneza ute, nayo huwapata hata wasiowahi kuvuta. Seli haziwezi kumwapia mtu kwamba hakuvuta. Ila picha ilionyesha makovu kwenye utando wa mapafu, alama ya vumbi la asbesto, madini yaliyotiwa katika breki za zamani. Huingia kimya, hukaa miaka mingi, mpaka seli moja ikosee kujigawa na kuzaa nyingine zilizokosea kama yenyewe.

Mke akautafuta mkono wa mumewe chini ya meza. Neno la kuomba radhi lilikuwa limefika ulimini daktari alipouliza ni nani aliyefua nguo za kazi.

"Mimi."

"Ulizikung'utia nje?"

Tarumbeta ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Chumbani, mlango umefungwa, majirani wasimwone akinipekua. Nilikuwa nasikia kila siku."

Daktari akavuta fomu nyingine ya picha ya kifua, akamwuliza mke umri wake.