Arobaini kwa Sauti ya Mkwaruzo

Iwasaki Tamie aliendesha treni ya chini ya ardhi mjini Osaka kwa miaka kumi na tisa kabla ya kutolewa uvimbe kooni. Alipopona, sauti yake ilibaki mkwaruzo tu. Na dereva wa pale hasomi kibao cha mwendo kwa macho peke yake: hukinyooshea kidole, akakitaja kwa sauti ya kusikika. Asiyeweza kukitaja hupelekwa kwenye dirisha la tiketi.

Tamie hakulitaka dirisha. Kila asubuhi, supu ya miso ikichemka, alinyoosha kidole kuelekea jikoni. "Arobaini."

"Mke wangu, hiyo sufuria haiendi popote," mumewe alimtania.

"Wewe kula. Arobaini."

Siku ya mtihani wa kurudi kuendesha, mkaguzi Nagao alisimama nyuma ya kiti chake. Kabla ya kona kali, kibao cha kilomita arobaini kwa saa kikatokea gizani. Tamie akapunguza mwendo, akanyoosha kidole. "Arobaini."

"Umesemaje, dada? Sijasikia."

Magurudumu yalikuwa yakilia kwenye kona. Tamie hakugeuka. Macho yake yalibaki kwenye reli, na mshale wa kipimamwendo ukabaki palepale ulipotakiwa. Akavuta pumzi, akasema tena kwa mkwaruzo uleule: "Arobaini."

Walipofika kituoni, Nagao alikunja karatasi yake.

"Nilikusikia mara ya kwanza. Ungegeuka kunijibu, ningekushusha hapahapa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo endesha, dada. Abiria wanakungoja."