Prezida wa Kilima, Makao Makuu Greyville

Kilima chetu kiko Kongo, lakini serikali yake ilikuwa Greyville, huku ugenini tulikokimbilia, ndani ya saluni ya yaya mmoja, dada yetu mkubwa, kila siku ya Mungu, Jumapili, watu wakitoka kanisani. Kule nyumbani watu wa bunduki walikuwa wamekalia mashimo ya madini ya koltani. Hawakujua kama tuko na prezida. Papa huyo alilinda depo, ghala ya wenyewe, Clairwood juma nzima, halafu siku ya Mungu anagawanya kilima: shimo hii ya familia hii, ile ya wale. Mimi nilikuwa fundi wa simu, nimemaliza sekondari, uvumilivu sina.

Siku ile koko, bibi yangu, alipanda kilimani, maana chini rezo ya simu haishiki. Tulikuwa tumesikia vita inakaribia kijiji. Nilitaka kitu kimoja tu: ashuke upande wa pili, akimbilie kwa shangazi mjini.

Simu ikaita. Prezida akaishika yeye, akafungua sauti wote tusikie.

"Protokoli kwanza."

Akasalimia. Makamu akasalimia. Mshauri akasalimia kwa niaba ya wazee wa Chatsworth ambao hawakufika.

"Mama, shimo yetu nani anachimba?" makamu akauliza.

"Mwenye bunduki, baba."

"Ametoa ripoti?"

"Eish, papa," nikasema, "munipe hiyo simu. Chaji ya koko itaisha."

"Kijana, uko na cheo gani humu?"

"Mjukuu."

"Hiyo haiko kwa statuti, kwa sheria zetu."

"Basi mumuandike mjukuu mkuu," yaya wa saluni akasema, "tumalize, niko na kichwa cha mtu cha kusuka."

Watu wakacheka. Nikanyakua simu.

"Koko, shuka. Leo hii."

"Nguo nimefunga tangu jana, mutoto wangu. Lakini mulinichagua mlinzi wa mashimo. Prezida ananiachilia?"

Nikamuuliza prezida. Akasema jambo ni zito, liingie kwanza kwa ajenda. Makamu akapendekeza binamu yake achukue nafasi ya koko. Binamu anaishi Cape Town. Kelele ikapanda, mpaka mshauri akapuliza vuvuzela, ile iliyobaki ya Kombe la Dunia, ili watu wanyamaze.

"Amekubali," nikamwambia koko. "Anakushukuru sana."

"Na hiyo inayolia ni nini?"

"Wanakuaga."

"Basi uwaambie nimesikia."

Hakukata simu. Nikasikia pumzi yake, na mawe madogo yakiporomoka chini ya miguu yake, mpaka akaiacha rezo nyuma.