Kidole cha Dobi

Shangazi yangu ni dobi, na kipimajoto chake ni ulimi. Analamba kidole cha shahada, anagusa tumbo la pasi ya mkaa kufumba na kufumbua, kisha anatega sikio. Mate yakilia "tssii" ndefu, pasi inafaa hariri. Yakiruka "pss!", ni ya pamba. Yakikaa kimya, anachochea mkaa.

Nilipokuwa chuoni nilimsimulia kwamba Waingereza wana neno lao la mate, spit, na kwamba huenda lilizaliwa kutokana na sauti ya kutema yenyewe. Alicheka mpaka akaiweka pasi chini.

"Kumbe na wao walitega sikio! Na wewe, miaka mitatu yote unasomea mate?"

Juma lililopita akaja meneja wa hoteli, tai shingoni, akitafuta dobi wa mashati ya wahudumu wake. Shangazi aliitaka kazi hiyo kwa udi na uvumba. Mashine za kufulia za mtaa wa pili zilikuwa zimemnyang'anya nusu ya wateja, na kibanda kilikaribia kufungwa. Akalamba kidole.

"Mama! Mate kwenye mashati ya hoteli?"

"Kwenye pasi, baba. Shati halionji hata tone."

"Uchafu ni uchafu tu."

Damu ilinichemka. Watu hawa wanapenda shati lililonyooka, lakini mkono ulioinyoosha mikunjo yake hawataki kuuona! Shangazi akanikata jicho.

"Haya bosi, pima wewe," akasema kwa upole uliozidi. "Ukiona imefika, anza na tai yako."

Meneja akasogeza kiganja karibu na pasi, akatikisa kichwa kama daktari. "Tayari." Akavua tai, akaitandaza mezani, akabonyeza. Harufu ikatangulia, moshi ukafuata.

"Imeiva," alisema Shangazi.

Meneja alitazama lile tundu la kahawia, akacheka kwa aibu. Wakaelewana: meneja amjaribu kwa shati moja, ila Shangazi atumie maji badala ya mate. Nikaleta kikombe. Shangazi akachovya kidole, akakiinua, na kwa mazoea ya miaka thelathini akakilamba kabla ya kugusa pasi.

"Pss!"

Meneja alikuwa ameona kila kitu. Lakini shati nalo lilikuwa likitoka chini ya pasi limenyooka kama karatasi mpya. Akageuka, akaanza kuchunguza dari.

"Jumatatu naleta arobaini, mama," akaiambia dari.