Wafu wa Mama Hillary

Watu wa milima ya Taita wanaoishi Voi wakifiwa, mmoja hutumwa hospitalini, mwingine kwa seremala, na wa tatu kwa Lois. Lois, ambaye wengi humwita Mama Hillary, alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya shamba la mkonge hadi alipostaafu. Siku hizi huchapa programu za mazishi nyumbani kwake: picha ya marehemu, nyimbo, na wasifu. Wasifu ndio kazi yenyewe. Wafiwa huja na sentensi chache, naye huwauliza mpaka ijulikane babu alitoka kijiji gani, na shangazi aliyeolewa Kasigau apate nafasi yake.

Kila wasifu aliuhifadhi kwenye kompyuta. Kwa hivyo vijana wakitaka kuoana, nao wazee wakashuku kwamba ni ndugu, wazee hao hubisha kwa Lois, awatafutie miongoni mwa wafu.

Mwaka huu kompyuta ilianza kuzembea. Asubuhi iliamka vizuri, lakini kadiri jua lilivyopanda ndivyo ilivyokokota miguu. Ungebonyeza herufi, ukaenda jikoni kukoroga mboga, ukarudi na kuikuta bado haijatokea. Familia moja ilichoka kungoja, ikampeleka marehemu wake kwenye saiba ya mjini, kwenye kompyuta za kukodi. Lois alijua wengine wangefuata njia hiyo hiyo.

Akamwita Sylus, mtoto wa kaka yake, fundi wa simu karibu na stendi. Sylus alifungua faili, akazipitia huku akicheka.

"Aunti, huyu punda amebeba wafu wa Taita nzima. Atakimbiaje?"

"Wafu hawana uzito," Lois akasema.

"Kwenye kompyuta wanao. Tufute zote, tuanze upya."

Kufuta zote alikataa. Akakubali kufuta za miaka ya mwanzo tu, akijiambia kwamba wenyewe wanazo karatasi. Alizifuta moja moja, akisoma kila jina, kisha Sylus akamwaga pipa la taka la mashine ili zisirudi. Kompyuta haikubadilika hata kidogo.

Jumamosi moja maji ya mfereji yakatoka baada ya kupotea kwa muda mrefu. Voi maji yakitoka, kila kitu hufuliwa. Lois alivua vitambaa vya nyumba nzima: vya makochi, cha redio, cha runinga, na kile kizito cha kompyuta chenye bitana, alichofumiwa na kina mama wa kanisani mwanzoni mwa mwaka. Hicho kilifunika kasha lote mpaka nyuma, kwenye matundu ya feni. Vitambaa vikiwa kambani, akaketi kuchapa. Herufi zilifuata vidole vyake. Jua lilikuwa kali, bati likilialia, na mashine haikulegea.

Jioni akavirudisha vyote, maana mgeni hapaswi kukuta vitu vya nyumba viko uchi. Kabla hajamaliza chai, kompyuta ilikuwa inakokota tena. Akaweka mkono juu ya kitambaa. Kilikuwa na joto kama blanketi la mgonjwa wa malaria. Alizima mashine, akainua upindo, akayakuta matundu yamezibwa na vumbi jekundu. Akalitoa kwa brashi ya viatu, na kitambaa akakikunja kabatini. Kina mama walipouliza kiko wapi, aliwaambia kimefuliwa, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Wateja walirudi. Miongoni mwao alikuwa Mable, kutoka Mwanda, aliyefiwa na mama yake mdogo. Alieleza kwamba majina ya mababu yote yamo katika wasifu wa mama yake mzazi, ambao Lois aliuchapa miaka mingi iliyopita. Karatasi za nyumbani zilikuwa zimeliwa na mchwa.

Lois hakujisumbua kutafuta.

"Nimemfuta mama yako," akasema. "Kompyuta ilikuwa nzito."

Mable akaitazama mashine. "Na sasa ni nyepesi?"

"Ni nyepesi. Lakini si kwa sababu ya kumfuta."

Mable hakuuliza sababu yenyewe. Alivuta kiti karibu, akataja majina aliyoyakumbuka. Yalikuwa matatu. Lois akayachapa, akaacha nafasi chini yake, kisha akauliza ni nani huko Mwanda aliye hai bado na anayejua mengine. Mable akatoa simu, akaanza kupiga.