Mazoezi ya Matanga

Papa alitufanyisha mazoezi ya matanga yake mwenyewe, na maiti alikuwa yeye. Cheka tu. Hata sisi tulicheka.

Ilikuwa kila Jumapili baada ya misa, hapa nyumbani kwetu Tshopo. Papa alitandika mkeka sebuleni, akalala chali na suruali yake iliyopigwa pasi, mikono kifuani, macho ameyafumba. Sisi watoto wake, watu wazima wenye ndoa zetu, tulipanga viti. Kaka mkubwa alisimama kulia kwa mama, mimi kushoto, mume wa dada yangu mlangoni. Mama alikaa katikati, kwenye kiti cha mbao chenye mikono ambacho papa alikiagiza kwa seremala wa Mangobo. Kiti hicho hakikaliwi na mtu mwingine mpaka leo. Ukikosea nafasi yako, papa alifungua jicho moja.

"Upya!"

"Papa, maiti haisemi," kaka alimwambia siku moja.

"Hii maiti iko adjudant. Upya!"

Ndicho cheo alichotoka nacho jeshini. Majirani walisema mzee anajiitia kifo. Mama naye alikasirika kwelikweli. "Wewe mwanaume, unaniita mujane na ungali unakula pondu yangu!" Papa alijibu kwamba pondu ilikuwa nzuri sana, bon, tuendelee.

Vita hakuvisimulia. Ukimuuliza, alisema "tulitembea sana," basi, anarudi kwenye pasi yake ya makaa. Alitupigia pasi nguo za shule sote, na mama alipokuwa sokoni ni yeye aliyenisuka nywele. Mistari ilinyooka hata walimu waliniuliza nimesukwa wapi. Nilimpenda papa yangu kupita kiasi, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kuzungukazunguka.

Kitu kimoja tu alitusimulia cha zamani. Baba yake alipokufa kule Yahuma, yeye alikuwa kambini, mbali. Aliporudi likizo alimkuta mama yake nyuma ya jikoni, amenyolewa kichwa, amekalishwa kwenye majivu, sufuria zake zote zimechukuliwa na ndugu wa marehemu. Mama yake hakulia. Aliomba tu msamaha kwamba hana chombo cha kumpikia mwanawe. Papa akifika hapo anamtazama mama yetu. "Wewe hapana," anasema. "Wewe utakaa kwenye kiti."

Ndiyo maana ya mazoezi. Aliwajua ndugu zake, alijua siku yake ikifika watakuja. Hata tonton, mdogo wake, alipotoka Yahuma kututembelea, alipewa kazi: amletee mama maji ya kunywa, kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Tonton alidhani ni mchezo wa uzee. Akaleta glasi kwa mkono mmoja huku akicheka.

"Upya!"

Alirudia mpaka akaweza, jasho likamtoka, na hakuna aliyecheka kumzidi.

Papa alikufa mvua zilipoanza, kitandani mwake, akili timamu. Aliomba chai, ilipofika alikuwa ameshaondoka. Nilisimama pale namtazama lile jicho lake. Nilingoja kabisa lifunguke, na sioni aibu.

Matanga yakafanyika uani, chini ya turubai, mama kwenye kiti chake. Wazee wenzake wa jeshi, waliobaki wachache, walikuja na bereti zao wakakaa mbele karibu na jeneza. Kisha wakafika tonton na shangazi, dada mkubwa wa papa, moja kwa moja kutoka bandarini. Shangazi alilia sana, kilio cha kweli. Alipomaliza akafungua pindo la kikwembe chake, akatoa wembe, akasimama mbele ya mama.

"Mujane hakai kwenye kiti. Ashuke, tumunyoe. Kwetu ni vile."

Niliona vidole vya mama vimeng'ang'ania mikono ya kiti. Shangazi ni mkubwa wetu. Unamjibu nini mtu kama yule, tena siku ya msiba? Lakini miguu yangu ilikuwa imeshanipeleka kushoto kwa mama. Kaka alikuwa kulia. Shemeji naye, sijui alitokea wapi, amesimama mlangoni. Hakuna aliyetoa amri.

Kaka akasema polepole, "Tonton, maji ya mama."

Tonton alimwangalia dada yake. Akaliangalia jeneza. Kisha akaenda jikoni, akarudi na glasi kwa mikono miwili, akainama. Mama akanywa yote. Shangazi alibaki amesimama kidogo, halafu akavuta kiti cha plastiki akakaa, na ule wembe ukarudi kwenye pindo.

Tulizika. Wageni wakaaga, tonton na shangazi wakapanda mashua yao, turubai likakunjwa. Nilikuwa jikoni nasugua sufuria mama aliponiita. Nikamkuta sebuleni, amekaa chini kwenye mkeka, kitambaa amekivua kichwani, kiti kiko nyuma yake.

Hasira zikanipanda. "Mama! Mzee wa watu amehangaika miaka yote hiyo usikalishwe chini, leo unashuka mwenyewe?"

"Wale walitaka kunishusha," akasema. "Sasa hakuna mutu ananishusha. Bwana yangu amekufa, mwanangu. Nataka kukaa chini. Leta wembe."

Nikaleta wembe na beseni la maji. Nilianza mbele, nikaenda nyuma, nalia hata sioni vizuri, nywele zake nyeupe zinaangukia mkekani. Nilipodhani nimemaliza, akapitisha mkono kichwani taratibu, mkono ukasimama nyuma ya sikio, mahali nilipobakiza nywele.

"Upya," akasema mama.