Kanda Zilizoanikwa Kama Mpunga

Saa tatu asubuhi mjini Garsen, Miraji anazungusha utepe wa kanda kwa kalamu, taratibu, midomo ameiuma. Humu kibandani anamotengenezea redio ndimo ilimobaki bendi nzima: gitaa lililovimba maji na kanda hii moja.

Yeye na wenzake walianza wakiwa wanne, na magitaa ya madebe, wakipiga harusini. Baadaye wakapata gitaa la umeme, wakaliunga kwenye betri ya gari. Siku moja spika ikapasuka, sauti ikatoka inakwaruza. Lois, mwimbaji wao kutoka kijiji cha Hewani, akaruka: "Msiitengeneze!" Kwa mkwaruzo huo ndivyo walivyogeuka bendi ya roki. Wazee walinuna, vijana wakafurika.

"Kila mwaka tukirekodi kanda," anasema Miraji, mzaliwa wa Kipini. "Ungezisikiza kwa mfuatano, ungesikia tulivyokua."

Kisha yakaja mafuriko ya El Nino. Wenzake wawili walikimbilia Malindi, hawakurudi. Lois alishikwa na malaria kwenye kambi ya waliohamishwa na maji, barabara imekatika, dawa haikufika. Akafa. Maji yalipopungua, Miraji alizichimbua kanda topeni, akazianika juu ya mabati, kama kila mtu huku anavyoanika mpunga uliorowa.

"Fundi redio mzima, nikasahau jua!" anasema, na machozi yanamlenga. "Jioni nazikuta zimejikunja. Nimemzika Lois mara mbili."

Iliyopona ni hii, iliyolaliwa na nyingine zikaikinga. Nayo imebaki mwanzo tu: Lois akihesabu kuwaanzisha wenzake, halafu ubeti mmoja. Kila ikichezwa inazidi kufifia. Miraji anataka kuipeleka Mombasa ikanakiliwe, barabara ikifunguka, na ameapa kutoicheza tena hadi hapo.

Lakini Lydia, mama yake Lois, ameshaketi kwenye benchi, kama kila siku ya soko.

"Mwanangu, weka kidogo mimi nisikie."

"Mama, tukiicheza itakwisha. Tungoje barabara."

"Barabara hiyo ndiyo ilizuia dawa yake. Mimi siingoji tena."

Miraji anaiweka kalamu chini. Anaitumbukiza kanda redioni. Lois anahesabu, sauti changa, yenye kicheko ndani yake. Gitaa linakwaruza. Ubeti unaanza, unalegea, unazama katika mvumo. Wiki iliyopita ulifika mbali zaidi, na wote wawili wanalijua hilo.

"Mombasa nitaipeleka tu," anasema Miraji, akiichukua tena kalamu yake. "Hata kukibaki kule kuhesabu tu."

Lydia anajifuta uso kwa ncha ya leso.

"Weka tena," anasema.